Bomba Nililolichora Kinamasini

Mmeniuliza kwenye kundi letu la Waafrika wa Xiaobei, hapa Guangzhou, mmeniuliza msikitini, mmeniuliza mpaka kwenye foleni ya chai pale mtaa wa Huanshi Zhonglu, na kila aliyeuliza alikuwa tayari amekibana kicheko. Basi nawaandikia mara moja, ili anayetaka kunicheka anicheke kwa habari kamili, si kwa tetesi za Barasa.

Barasa ni Mkenya wa Bungoma, tunasoma maabara moja. Yeye anawaambia watu kwamba tulikwenda kaskazini kutafuta bomba la mafuta, tukalipata, kisha mimi nikalikataa. Maneno hayo ni kweli yote matatu, na ndiyo maana yananikera.

Kwa wasioijua kazi yangu: nakaa ghorofa ya sita chuoni, kwenye kiyoyozi, natazama picha za setilaiti za nchi ya baridi iliyo juu kabisa ya China, karibu na Urusi, ambako ardhi ni kinamasi juu na barafu chini. Humo nachora barabara kwa rangi nyekundu na mabomba ya mafuta kwa buluu. Kompyuta inanitazama ninavyochora, inajifunza, halafu inachora yenyewe sehemu zilizobaki, kwa haraka zaidi na kwa makosa yaleyale. Hiyo ndiyo shahada yangu ya uzamili.

Tabu ni kwamba ukitazama kutoka juu, barabara ni mstari na bomba lililofukiwa nalo ni mstari. Mimi mtoto wa Wete nikajiwekea kanuni. Mstari unaofika mahali, kijijini au machimboni au hata kwenye kibanda kimoja, ni barabara. Usiofika popote ni bomba, kwa kuwa hakuna binadamu mwenye akili anayekata barabara ya kwenda pasipo na kitu.

Barasa aliposikia kanuni hiyo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Bro, wewe hujawahi kuona barabara za kampeni," akaniambia. "Kwetu ziko kibao. Zinaanza na mkutano, zinaishia kwa shamba la mahindi."

Nilimdharau. Kanuni ikaingia kwenye kompyuta, kompyuta ikaikubali bila swali, na mimi nikachukulia hiyo ni sifa.

Ndipo Profesa wetu, mtu mwembamba mwenye mazoea ya kujibu maswali kwa kutazama saa, akatutuma twende tukahakiki kwa macho. Aliutaja mstari mmoja hasa, namba kumi na saba, mrefu kuliko yote niliyoipaka buluu, unaokata kinamasi na kuishia katikati ya maji. Ukikutwa ni bomba, nahitimu mwaka huu. Ukikutwa si bomba, kompyuta ifundishwe upya na mimi nirudie mwaka. Ufadhili wangu ulikuwa unaisha mwaka huohuo, na mama yangu Pemba alikwisha kuwatangazia majirani.

Koti

Safari yenyewe iliharibika kabla sijafika stesheni, kwa sababu nilimuaga Shaibu. Mnamjua Shaibu, Mzanzibari mwenzetu anayenunua vitambaa soko la Zhongda na kupakia makontena bandari ya Nansha. Hajawahi kupita kaskazini ya uwanja wa ndege, kwa hiyo ndiye bingwa wetu wa habari za kaskazini.

"Kule, mdogo wangu, mate yanaganda hayajafika chini," akaniambia. "Ngoja. Laoban wangu, tajiri wa makoti, kanipa sampuli."

Akatoa koti la rangi ya chungwa, nene kama godoro, lenye zipu iliyoshonwa upande usio wake. Nikamwambia ni mwezi wa saba. Akanitazama kwa huruma, akasema barafu haijui kalenda. Mkewe, Bi Rukia, naye akanifungia chapati ishirini na kachori za kutosha harusi. Nikatoka Xiaobei nimekumbatia koti, jasho likinitiririka mpaka kwenye soksi, na wauza simu wakinipungia mkono.

Behewa la kumi na mbili

Kutoka Guangzhou mpaka Harbin tulipanda treni ya polepole, ile ya vitanda vitatu kimoja juu ya kingine. Kitanda changu kilikuwa cha juu kabisa. Ukikaa, kichwa kinagonga dari. Ukilala, kiyoyozi kinakupulizia utosini. Koti la Shaibu lilitumia kitanda hicho vizuri kuliko mimi.

Kitanda cha chini alikuwapo mwalimu mstaafu wa jiografia. Aliniuliza nakwenda wapi. Nilipomweleza kwamba nakwenda kuhakikisha kama mstari nilioupaka rangi upo kweli, aliweka kitabu chake pembeni. "Enzi zetu," akasema, "kwanza tulikwenda, halafu tukachora." Maneno mengine ni bora kuyaacha yapite na stesheni.

Nikampa chapati ili tubadili mazungumzo. Sasa, katika treni hizi kila behewa lina bomba la maji ya moto, na abiria hutia maji hayo kwenye kila kinachoingia mdomoni, chai, tambi, supu ya unga. Mzee akaikunja chapati ya Bi Rukia, akaitia kwenye bakuli, akaimiminia maji yanayochemka, akaifunika kwa kitabu na kutazama saa. Dakika tatu. Kisha akaila kwa kijiko mpaka ikaisha, akasema ina ladha nzuri ila tumesahau kuiwekea kipakti cha viungo. Barasa aligeukia ukutani, mabega yakimtetemeka.

Siku ya pili mvua ilikata njia mbele yetu, tukasimama katikati ya mashamba ya mahindi tangu asubuhi mpaka alasiri. Kachori zikaisha. Mzee, kwa kulipa fadhila, alitugawia mayai ya kuchemshwa kwenye majani ya chai. Nitamkumbuka kwa wema, ingawa alikuwa na haki.

Mji wa mwisho wa reli

Harbin tulibadili treni, tukasafiri tena usiku na nusu ya siku, mpaka reli ikachoka. Mji wenyewe una barabara mbili, soko la uyoga, na nyumba ya wageni ambamo tulisubiri kibali siku tatu.

Siku ya kwanza ofisa mmoja mpole sana alikuja kuiona droni ya Barasa, ile ndege ndogo ya kupigia picha. Aliisifu, akaipapasa, akatuandikia risiti, akaondoka nayo. Mpaka uko karibu, akasema, huku havirushwi vitu. Tutaichukua tukirudi. Barasa, aliyeletwa safari hii kwa ajili ya droni tu, akabaki mtalii. Tukampigia Profesa. "Tumieni macho," akasema, na naapa niliisikia saa yake.

Chakula nacho. Nilimwambia mpishi kwa Kichina changu bora kwamba mimi Mwislamu, sili nguruwe. Akaitikia kwa heshima kubwa, akachukua bakuli langu, akatoa vipande vya nyama kimoja baada ya kingine kwa vijiti, akanirudishia mchuzi. Nikamshukuru, nikala mayai na nyanya. Nilikula mayai na nyanya milo tisa mfululizo. Mpishi alikuwa akinitazama kila mara kama mtu anayeshuhudia msiba.

Na joto. Ndugu zangu, kulikuwa na joto kama la Guangzhou, ila bila kiyoyozi. Koti nikalitundika msumarini nikalipa mgongo.

Siku ya nne kibali kikatoka, na mwenye nyumba akatuletea mtu wa kutuongoza. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, jina lake Sun, mfupi, amevaa mabuti ya mpira ya kufika mapajani na kushika fimbo ndefu nyeupe ya mti wa kwao. Kazi yake ni kuchuma matunda madogo ya buluu yanayoota kinamasini, kama zambarau zilizokataa kukua. Kule ndiyo zao la kiangazi. Nikamwita Dajie, dada mkubwa, kama desturi yao.

"Mnakwenda kuchuma au kupiga picha?" akauliza.

"Kupima, Dajie. Lakini huu si msimu wa kuchuma? Tusikucheleweshee kazi."

"Mwaka huu nina nafasi," akasema, akatangulia. Nami, msomi, sikuuliza kwa nini.

Nguzo

Kinamasi kile hakitembewi, kinarukwa. Kuna vichuguu vya nyasi vilivyosimama majini kama vichwa vyenye nywele ndefu. Unakanyaga kichwa hiki, unaruka kile. Ukikosa unaingia mpaka kiunoni, na maji ya chini yanatoka kwenye barafu. Nilikosa mara sita. Barasa aliacha kuhesabu zake.

Halafu mbu. Mimi nimekulia Pemba, nilijua mbu hawanipi shida. Wale si mbu wa kwetu wanaokuja mmoja mmoja, tena gizani, kwa adabu. Wale walikuja mchana kweupe, kwa maelfu, wakaingia puani. Dajie alikuwa na chandarua cha kichwa. Mimi nilirudi kwenye gari lililotuleta kulichukua koti la Shaibu, ambalo Barasa alilipakia kwa mzaha, nikalivaa, nikaivuta kofia mpaka ukabaki mdomo. Nilitembea saa mbili ndani ya jiko hilo. Shaibu alikuwa sahihi kuhusu koti, na sitamwambia sababu.

Tulipoukaribia mstari wa kumi na saba, Barasa ndiye aliyeona kwanza. "Hamadi," akaita, "wewe ni mchawi."

Mbele yetu zilisimama nguzo fupi za zege, nyeupe, mpya, zimepangwa moja baada ya nyingine mpaka macho yanapokomea. Kila moja ina maandishi mekundu: chini kuna bomba la mafuta, usichimbe, usipite. Niliikumbatia ya kwanza. Sioni aibu kusema hivyo. Miaka miwili ya macho mekundu, na sasa mstari wangu umesimama ardhini kwa zege. Barasa akanipiga picha thelathini. Dajie aliketi juu ya kichuguu akatungoja, fimbo magotini.

Tukafuata nguzo. Nilikuwa naimba kimoyomoyo, mpaka tulipofika mahali zinapokunja. Zilikuwa zimenyooka barabara, kisha ghafla zikaenda kushoto, hatua arubaini hivi, zikarudi kulia na kunyooka tena. Hapakuwa na jiwe wala mto pale wa kukwepwa.

Nikasimama. Kona ile naifahamu. Nilikuwa nachora mstari huo mchana mmoja, simu ikalia, alikuwa Shaibu anauliza kama nina rafiki mwenye gari la kufika Nansha. Mkono ukateleza, kalamu ya kompyuta ikachora nundu kushoto, nami nikaiacha kwa uvivu. Sasa nundu ile imejengwa kwa zege.

Mwisho wa nguzo, upande wa nchi kavu, kulikuwa na mti wa kizuizi na kibanda cha mlinzi, mkata magogo wa zamani, mwenye sigara na ramani iliyobandikwa ukutani. Nikaitambua kabla sijaingia. Buluu yangu. Namba kumi na saba yangu. Profesa, kwa ukarimu wake, alikwisha kuwagawia maofisa wa kule ramani yetu ya majaribio.

"Mzee, bomba hili limefukiwa lini?" nikamuuliza.

"Bomba sijaliona," akasema mlinzi. "Mimi nimeajiriwa kulinda nguzo."

Dajie ndiye aliyenieleza mengine, taratibu, kama anayemweleza mgeni njia ya choo. Nguzo zililetwa majira ya kuchipua. Tangu hapo wachumaji hawaruhusiwi kukanyaga pande zote mbili za mstari, na pande zote mbili ndizo zenye matunda. Familia kumi na moja zinakula mwaka mzima kwa wiki nne za kuchuma pale. Ndiyo maana mwaka huu ana nafasi.

"Wanasema kuna mtu huko kusini amelichora," akamalizia. "Ningependa kumjua."

Barasa akaanza kuyakagua mabuti yake. Mimi nilikuwa ndani ya koti la chungwa katikati ya kiangazi, na aibu iliyonishika pale sikuwahi kuionja tena tangu utotoni. Lakini sikusema ni mimi. Nilisema, "Umejuaje kwamba hakuna bomba?"

Fimbo

Hakunijibu kwa mdomo. Alitupeleka kwanza kwenye bomba la kweli, lile linalofuata barabara kuu, ambalo kila mtu aliliona likifukiwa. Akaichomeka fimbo pembeni mwa bomba, ikazama yote, mpaka akabaki ameshika ncha. Kisha akaturudisha kwenye mstari wangu, akachomeka. Ikaingia kiasi cha goti, ikagota. Tok. Akasogea hatua kumi, akachomeka. Goti, tok.

Pale ndipo elimu yangu ilipoamka usingizini. Chini ya kinamasi kile kuna barafu ya tangu na tangu. Ukitaka kufukia bomba lazima uivunje, na ikishavunjwa na bomba lenye joto likapita humo, hairudi kuwa ilivyokuwa. Barafu nzima maana yake hakuna aliyechimba. Mambo hayo yamo katika sura ya pili ya tasnifu yangu, nimeyaandika mwenyewe, kwa tanbihi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi yangu ilikuwa ndefu kuliko zote kwenye ramani.

Tulichomeka fimbo mahali arubaini, mimi nikiandika, Barasa akihesabu hatua, hatimaye amepata kazi. Goti, goti, goti. Mlinzi alitufuata nyuma akatazama, na kwa kuwa fimbo haikuwa kuchimba, hakuwa na amri ya kutuzuia.

Ya arubaini ilipogota nikasema, "Dajie, huyo mtu wa kusini ni mimi."

Aliichomoa fimbo, akaipangusa matope. Nilitarajia matusi, na nilikuwa nimeyastahili.

"Kwa nini ulidhani ni bomba?"

"Kwa sababu mstari haufiki popote."

"Ulikuwa unafika," akasema. "Ulifika kwenye miti. Baba yangu alivuta magogo humu kwa farasi kila majira ya baridi, kinamasi kikiganda. Miti ikaisha."

Nikaivua kofia ya koti, mbu wakanijia. Barasa naye hakucheka, na mnamjua Barasa.

"Sasa niandikie," akasema Dajie. "Andika ulikosea, utie jina na kidole gumba."

Tukarudi kibandani, nikaandika juu ya goti, kwenye karatasi ya daftari, kwa Kichina cha mtoto wa darasa la tatu: Mimi Hamadi, mwanafunzi wa Guangzhou, ndiye niliyechora bomba hili. Nilikosea. Hapa hakuna bomba, tumepima mahali arubaini. Kidau cha wino hakikuwapo. Mlinzi akanyoosha mkono nje ya mlango, akachuma matunda mawili yaliyokatazwa, akayasaga kwenye kifuniko cha chupa. Kidole changu kilibaki cha zambarau mpaka Harbin.

Ghorofa ya sita

Profesa alizitazama picha za nguzo, akafurahi kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Safi. Mstari umethibitika."

"Nguzo zimewekwa kwa sababu ya ramani yetu, Profesa."

"Basi ramani na nguzo zinakubaliana," akasema. "Na hiki nini?"

Kilikuwa jedwali langu la fimbo. Akaniambia fimbo si kifaa cha kisayansi. Akaniambia nifikirie vizuri, kwa maslahi yangu. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Lakini siku hiyo aliivutia na kwangu pia, na sitawadanganya, nilikwenda kufikiria. Nilifikiria siku mbili. Picha za nguzo peke yake, na nahitimu. Mama alipiga simu kuuliza joho ni la rangi gani. Nilikuwa nimekwisha kulifuta jedwali kwenye faili mara moja, nikalirudisha, nikalifuta tena. Niliogopa, jamani. Nilipolirudisha mara ya tatu niliituma ripoti palepale, kabla mkono haujateleza.

Basi ndiyo hivyo. Narudia mwaka. Ufadhili umekwisha, na mchana mnanikuta Zhongda nikimpimia Shaibu majora ya kitambaa, ambako angalau kilichopimwa kinashikika. Mstari wa kumi na saba umefutwa kwenye ramani kwa kubofya mara mbili. Nguzo zipo palepale. Ili ziondolewe lazima ombi lijazwe kwa kutaja namba rasmi ya bomba, na bomba hilo halina namba rasmi kwa kuwa halipo.

Juzi Dajie amenitumia picha. Ndoo tisa zimejaa, zimepangwa kati ya nguzo na nguzo, na wachumaji wa familia zote nyuma yake. Ameandika kwamba siku ya kwanza ya kurudi kuchuma walikwenda kibandani na karatasi yangu. Mlinzi alitoa miwani, akaisoma mara mbili, akakicheki kidole kwa kukinusa, akasema hii ndiyo hati pekee aliyoletewa mwaka huu iliyotiwa sahihi, akaufungua mti wa kizuizi. Tasnifu yangu ina kurasa mia na kumi, na hao wanaolipwa kuisoma hawakuifikia sura ya pili.